Si Upele, na Mimi Ndiye Niliyesema ni Upele

Wiki iliyopita kwenye group letu mmoja aliniuliza kwa nini siku hizi nikipita na kipaza sauti sisemi tena yale maneno ya "msimguse, msikae naye". Nilimjibu kwa mstari mmoja, halafu usiku nikaona mstari mmoja hautoshi. Hili ndilo jibu lenyewe. Linanitia aibu kidogo, lakini bora niliandike mwenyewe kuliko kusimuliwa na wengine bombani.

Mimi ni VHT wa block yetu, huu mwaka wa tatu. Kwa wageni wa ukurasa huu: VHT ni mtu wa kujitolea wa afya kijijini, hapa Uganda wako kila mahali, kwa wenyeji na kwetu kwenye setelementi. Tunapewa fulana, buti na daftari, tunazunguka nyumba kwa nyumba, tunaandika watoto ambao hawajachanjwa, tunapeleka wagonjwa kituoni. Mimi si daktari, nimeishia senior four. Lakini ukishavaa ile fulana watu wanakuita docta, na neno lako linatembea kuliko la docta wa kweli, juu yule wa kweli wanamwona dakika mbili na wewe wanakuona kila siku.

Mwaka juzi upele ulitushika vibaya. Hilo sikatai, ulikuwepo kweli. Nyumba ya watu tisa, blanketi mbili, sabuni inakuja siku ikijisikia: kadudu ka upele kanapenda maisha kama hayo. Tulipewa dawa ya kupaka, BBE, tukapewa na maneno ya kutangaza. Nikapita block nzima: ukiona mtu ngozi yake imeharibika na anajikuna, usimguse, usikalie kitanda chake, mlete apakwe dawa. Nilisema kwa Kiswahili, nikasema kwa Kinyarwanda, na mbele ya nyumba ya mama mmoja muuza mandazi nilisema mara mbili, juu nilikuwa naijua ngozi yake.

Huyo mama ametoka upande wa Masisi, ana watoto wanne. Viwiko vyake na magoti vilikuwa na mabaka manene yaliyoinuka, juu yake magamba meupe yanayong'aa kidogo kama ya samaki aliyekauka. Kichwani chini ya kitambaa, hivyo hivyo. Akikung'uta gauni, unga mweupe unaanguka chini. Mimi kwa macho yangu ya VHT nikasema huu ni upele uliokomaa. Tukapaka nyumba nzima, yeye na watoto wote, mashuka tukaanika juani. Mwezi ukapita, yeye bado. Tukarudia. Tukarudia tena. Watoto hawakuwa wanajikuna tangu siku ya kwanza, na hilo ningelijua kama ningeuliza. Mara ya tatu ile dawa ilimwasha mpaka akashindwa kuvaa nguo ya mikono. Akaniambia, "Docta, tena munanipaka? Mbona inaniunguza tu?" Nikamjibu avumilie, ndivyo dawa inavyofanya kazi.

Sasa sikieni kilichofuata, juu hapa ndipo kazi yangu ilipofika mbali. Mandazi yake hayakununuliwa tena. Kikundi cha akiba hawakumfukuza, hapana, walimwambia tu awe anatuma pesa na mtoto. Wengine wakasema ni ukimwi, wengine banasema ni bulozi alibeba toka nyumbani. Na picha ya mikono yake ilipita kwenye group letu hili hili. Mnaijua. Wengine mliweka vile vikatuni vya kucheka. Mimi niliiona, sikusema kitu.

Halafu siku moja alikuja mtaalamu wa ngozi kutoka mjini, wa kutembelea tu, siku moja. Mimi nilikuwa wa kupanga foleni. Yule mama alipoingia, mtaalamu akasimama akampa mkono. Mkono mtupu. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshavaa glavu zangu na boksi lingine nimelishika kifuani kama ngao. Hakuanza kuangalia mabaka. Aliuliza, "Mama, imeanza lini?" Akajibiwa, mimba ya mtoto wa pili, inaenda miaka saba. "Nani mwingine nyumbani anajikuna?" Hakuna. Akaomba kucha zake, akanionyesha vishimo vidogo vidogo kama mtu alizidonadona kwa sindano. Akaomba ruhusa aangalie kichwa. Mwisho akachukua kijiti, akakwaruza gamba moja la kwenye kiwiko polepole, likatoka jeupe kama nta ya mshumaa, na chini yake vikabaki vidoti vya damu.

Akasema hii ni soriasisi. Haiambukizi. Si kwa mkono, si kwa nguo, si kwa kitanda, si kwa kula sahani moja.

Mama hakuuliza kama itapona. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Sasa mutoto wangu mudogo ninaweza kumubeba?" Kumbe miezi yote ile mtoto alikuwa anabebwa na dada yake wa miaka kumi, juu sisi tulisema. Nilivua glavu, hakuna aliyeniambia nizivue.

Nimekuwa nikisoma tangu siku ile. Kwanza jina lenyewe lilinisumbua, maana kwa Kiingereza linaanza na herufi p ambayo haitamkwi, na mimi nilikuwa nalitafuta kwenye simu kwa s, silipati. Kwa Kiswahili wengine wanaita pumu ya ngozi, lakini jina hilo hilo linapewa magonjwa mengine ya ngozi yasiyofanana na huu, kwa hiyo mimi nasema soriasisi tu.

Nilivyoelewa ni hivi. Kinga ya mwili ni kama walinzi wa zamu. Mwizi akiingia, wanapiga filimbi na kupigana naye. Kwa mtu wa soriasisi filimbi inapigwa na mwizi hayupo, na walinzi wanaanza kuwapiga wenye nyumba. Zile filimbi ni kemikali ambazo chembe za kinga zinatuma, na wanasayansi wanazijua kwa majina, kama TNF na IL-17. Zikifika kwenye ngozi, ngozi inaanza kujitengeneza mbiombio. Kwa kawaida chembe ya ngozi inazaliwa chini, inapanda polepole, inachukua kama mwezi mzima mpaka kudondoka. Kwa soriasisi inafika juu kwa siku chache tu, bado haijakomaa, nyingine inakuja nyuma yake, zinarundikana. Yale magamba ndiyo huo msongamano. Huwezi kuyasugua yakaisha, na ukiyasugua kwa jiwe unaongeza, maana ngozi ya mgonjwa ikiumia, pale pale panaweza kutoa baka jipya.

Mtu anazaliwa na mwelekeo wa ugonjwa huu, mara nyingi uko kwenye ukoo, halafu kitu kinauamsha. Maumivu ya koo ya bakteria kwa watoto na vijana ni kimoja, unakuta wiki mbili tatu baadaye mwili umejaa madoa madogo. Dawa nyingine zinaamsha, pamoja na zile za zamani za malaria za aina ya klorokwini. Pombe na sigara vinazidisha. Virusi vya ukimwi vikiwepo bila kutibiwa vinaweza kuufanya uje kwa nguvu, ndiyo maana mgonjwa anashauriwa kupima, lakini msije mkageuza mkasema kila mwenye magamba anavyo. Yule mama alipimwa, yuko sawa, na kwa ruhusa yake naliandika hilo hapa ili wale waliosema wakae kimya.

Na mawazo pia yanauamsha. Hapa naomba kusema neno kwa wahudumu. Mgonjwa anaambiwa, "Usiwe na mawazo mengi, itatulia." Mtu amekimbia usiku na watoto, mume hajulikani aliko, mgao unapungua kila ukitangazwa upya, halafu unamwambia asiwaze! Ni kweli kitaalamu, lakini kwa namna hiyo ni maneno ya bure. Mawazo ya yule mama mengine tulimpa sisi wenyewe kwa kipaza sauti, na hayo tulikuwa na uwezo wa kumwondolea.

Kuna jambo lingine lililonikera nilipoanza kutafuta picha. Karibu zote zinaonyesha ngozi nyeupe yenye mabaka mekundu. Kwetu sisi haiwi nyekundu hivyo. Inakuwa ya kahawia nzito, au zambarau, au kijivujivu, na ikitulia inaacha alama nyeusi au iliyopauka kwa miezi. Ukimfundisha VHT kwa ile picha ya Ulaya, akiingia block yetu hataiona hata ikimkalia mbele.

Sasa tuongee sokoni. Hapa kwetu mtu akikata tamaa na kituo anaenda kwa muuza tube. Mnazijua zile tube za kujichubua, nyingi ndani yake kuna clobetasol, steroidi kali sana. Unapaka wiki moja, mabaka yanalala, unafurahi, unapaka mwili mzima. Baada ya miezi ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, inapasuka mistari, na siku ukiacha ugonjwa unarudi na ndugu zake. Mbaya zaidi ni vidonge vya prednisolone au sindano ya duka la dawa. Mgonjwa wa soriasisi akimeza hivyo halafu akaacha ghafla, mwili wote unaweza kuwaka au kutoa usaha, na hapo ni hospitali, tena haraka. Steroidi ya kupaka ikipimwa na mtu anayejua ni dawa nzuri tu. Kosa ni kujipimia mwenyewe, na watu wanajipimia kwa sababu huku kwetu hatukuwapa kitu.

Nililisema hili kwenye mkutano mmoja wa wadau, mimi mdogo kabisa pale mezani. Mkubwa mmoja akanijibu kwa upole, tena bila dharau, kwamba ngozi haiui mtu, na pesa zilizopo ni za malaria na utapiamlo. Namwelewa. Nimebeba watoto wa malaria mgongoni, sihitaji kufundishwa malaria ni nini. Lakini naomba nijibu hapa kile ambacho pale sikupata ulimi wa kujibu.

Kwanza hesabu. Watu watano, mara tatu, chupa za BBE ngapi zilimwagika kwa ugonjwa ambao hauponi kwa BBE? Hapo ni nyumba moja tu. Kama kuna nyumba nyingine kama ile kwenye block zingine, na mimi tangu nimeanza kuangalia nimeshaona watu watatu, basi pesa ipo, inatumika vibaya. Sikuomba zile sindano mpya za nchi tajiri ambazo bei yake hata kutamka ni dhambi. Naomba vaselini. Ngozi ya soriasisi inahitaji mafuta mazito kila siku baada ya kuoga, na hilo peke yake linapunguza magamba na mipasuko. Halafu marhamu ya salicylic acid ya kulainisha magamba, lami ya makaa ya mawe ya kupaka, na betamethasone kwa kipimo. Zote tatu ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ni dawa za zamani, si za kifahari.

Pili, huu ugonjwa hauishii kwenye ngozi. Hadi wagonjwa 3 kati ya 10 wanapata na ugonjwa wa viungo: asubuhi vidole vimekakamaa, kidole kimoja kinavimba chote, kisigino kinauma. Ukichelewa, kiungo kinaharibika moja kwa moja. Mama anayekanda unga kwa mikono akipoteza vidole vyake, familia hiyo itaingia kwenye orodha yenu ya wasiojiweza, na hapo itakuwa ghali kuliko kopo la vaselini.

Tatu, wakubwa, hili mlishakubaliana. Mei 2014 huko Geneva, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu soriasisi peke yake, ukasema ni ugonjwa sugu, usioambukiza, wenye maumivu, unaoharibu sura na kulemaza, na hauna tiba ya kuumaliza. Serikali zikatakiwa kupambana na unyanyapaa. Mwaka 2016 ikatoka ripoti nzima, inayokadiria wagonjwa wasiopungua milioni 100 duniani. Tarehe 29 Oktoba kila mwaka ni siku yao. Mimi nilikuwa najua siku ya kunawa mikono na siku ya choo, hii sikuwahi kuisikia.

Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo. Kituoni kuna siku ya wagonjwa sugu, watu wa presha na sukari wanakuja na kadi zao wanachukua dawa ya mwezi. Waongezeni hawa, wapewe kadi, wapewe mafuta yao bila kuanza kuelezea upya kila mara kwa mtu mpya kwamba si upele. Wale wenye hali nzito wapelekwe rufaa, maana kuna methotrexate, inasaidia, lakini inahitaji vipimo vya damu, inamezwa mara moja kwa wiki na si kila siku, na mwenye mimba haruhusiwi kabisa. Hiyo si ya kugawiwa na VHT. Na mtaalamu wa ngozi aje hata mara moja kwa miezi mitatu. Si kwamba utaalamu uko mbinguni: Moshi, hapo Tanzania tu, kuna kituo kinachofundisha matabibu wa ngozi wa nchi zetu tangu 1992. Kumsomesha tabibu mmoja anayekaa huku karibu nasi, kwangu mimi, kungefaa kuliko warsha zetu zote za hoteli. (Samahani, lakini chakula cha warsha nakula, sikatai.)

Na nyinyi vijana wenzangu. VHT au si VHT, maswali ni machache: imeanza lini, nani mwingine nyumbani anajikuna, nionyeshe viwiko, kichwa na kucha. Upele unawasha sana usiku, unapenda katikati ya vidole, viganja, kiuno, na mara nyingi nyumba nzima inajikuna. Ikiwa ni mtu mmoja, miaka na miaka, mabaka manene yenye magamba meupe, usimpake, mpeleke aonwe. Baka likiwa halina hisia, hata ukiligusa na unyoya hajui, mpeleke haraka zaidi, maana hilo laweza kuwa ukoma, na ukoma unatibika vizuri ukiwahiwa. Sisemi mjifanye madaktari. Mimi nilijifanya, mmeona.

Mtaalamu alisema pia jua kidogo la asubuhi linawasaidia wengi, si mpaka kuungua. Sasa fikirini: mtu anavaa mikono mirefu na kujifungia ndani kwa sababu ya macho yetu, na dawa ya bure iko nje ya mlango.

Mama hajapona, na hatukumdanganya kwamba atapona. Magoti yametulia, kichwa kinakuja na kurudi, viwiko bado. Vaselini ananunua mwenyewe miezi ambayo haipo kituoni. Kikundi cha akiba sasa anaingia, anakaa kwenye mkeka na wenzake, hilo lilichukua vikao viwili na maneno makali. Mandazi anauza tena, lakini block ya pili, kwa watu ambao hawakunisikia. Wateja wa zamani wamerudi wachache. Nilienda kumwomba radhi, akaniambia, "Basi mwanangu, rudi utangaze na hii," halafu akanipa mandazi mawili, nikala pale pale mbele ya nyumba, watu wakipita.

Basi natangaza. Maneno mapya niliyoandika ni haya: "Upele unaambukiza na unatibika, njoo upakwe. Lakini si kila ngozi yenye magamba ni upele. Kuna ugonjwa unaoitwa soriasisi, hauambukizi kabisa, mwenye nao mpe mkono, kaa naye, nunua kwake, na mwambie aje kituoni aonwe." Kiswahili na Kinyarwanda niko nazo tayari. Kirundi nimepata mtu. Kisomali bado sina, na block ya Wasomali nataka niifikie kabla ya tarehe 29 Oktoba. Anayekijua vizuri, si cha sokoni tu, aniandikie hapa chini.